Hofu ya kuanguka Bukavu: mzee akae, atembee, au ashike kiti?

Kwetu Kadutu, hapa Bukavu mashariki mwa Kongo, kutoka mlangoni mpaka barabarani kuna mteremko wa hatua kama mia mbili. Mvua ikinyesha usiku, asubuhi ule udongo mwekundu unakuwa sabuni. Mama yangu ana miaka 74, na njia hiyo ameishuka na kuipanda tangu mimi niko mgongoni mwake. Mwezi wa 11 mwaka jana, akirudi kutoka misa ya kwanza, mguu wa kushoto ulimponyoka pale kwenye ubao wa kuvukia mtaro, akaanguka kwa ubavu. Hakuvunjika kitu. Tulimkanda kwa maji ya moto, akameza vidonge siku nne, maumivu yakaisha.

Kilichobaki hakikuwa maumivu. Jumapili iliyofuata hakwenda misani. Sokoni akaanza kumtuma mjukuu. Ilipofika Krismasi nilimkuta anatoka chumbani kwenda uani huku anapapasa ukuta, mchana kweupe, ndani ya nyumba ambayo siku zote huizunguka gizani umeme ukikatika.

Kila mtu akaja na lake. Kaka yangu mkubwa alisema mama akae, kazi aliyoifanya inatosha. Jirani akasema atembee, maana anayekaa miguu yake inasahau. Shemeji akasema apelekwe hospitali kwa kine, yule mtaalamu wa kunyoosha viungo. Wote walimpenda, na kila mmoja alikuwa na sehemu ya ukweli. Nimeuliza wauguzi, nimesoma, nimekaa naye miezi tukijaribu. Haya ninayaandika kwa mwenzangu ambaye naye ana mzazi juu ya kilima, awe Kadutu, Bagira, Panzi au Nguba, ili asipoteze muda tulioupoteza sisi.

Kwanza pima: hofu ni kubwa kuliko hatari, au hatari kuliko hofu?

Hofu ya kuanguka si ujinga wa uzeeni. Kule Marekani daktari Mary Tinetti alitunga kipimo chake mwaka 1990, na mwaka 2005 wataalamu wa Ulaya wakakipanua kikawa maswali 16. Kila swali linajibiwa kwa alama 1 hadi 4, kwa hiyo asiye na wasiwasi wowote hupata 16 na aliyejaa hofu hupata 64. Mzee anaulizwa anaogopa kiasi gani akioga, akivaa, akiinuka kitini, akienda kumtembelea rafiki, akitembea penye utelezi, akitembea mahali pasipo sawa, akipanda au kushuka mteremko. Nilipofika kwenye hayo matatu ya mwisho nilisimama kidogo. Kwa mtu wa Kadutu hayo matatu ni safari moja tu ya kwenda kununua chumvi. Mji huu uko kando ya ziwa lililo mita kama 1,460 juu ya usawa wa bahari, na umepanda vilima tangu mwanzo wake. Mzee wa Bukavu anayesema anaogopa anaisema barabara yake ilivyo.

Tena hatari ipo. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu 684,000 hufa kila mwaka duniani kwa kuanguka, na zaidi ya asilimia 80 ya vifo hivyo hutokea katika nchi zenye kipato cha chini na cha kati, kama yetu. Kati ya watu wenye miaka 65 na kuendelea, karibu mmoja katika kila watatu huanguka walau mara moja kwa mwaka.

Lakini hofu na hatari hazitembei pamoja kila mara. Utafiti uliofanyika Sydney, Australia, kwa wazee 500, ukatolewa mwaka 2010, ulikuta kwamba kwa karibu theluthi moja yao vitu hivi viwili havikulingana. Wengine walikuwa na miili imara lakini wamejaa woga. Wengine walikuwa katika hatari kubwa na hawaogopi kitu. Wa kwanza anahitaji ujasiri, wa pili anahitaji tahadhari, na ukimpa mmoja dawa ya mwenzake unamharibu.

Kipimo cha nyumbani hakihitaji mashine. Weka kiti cha kawaida, pima mita 3 mbele yake, weka alama. Mzee ainuke, atembee mwendo wake wa siku zote mpaka kwenye alama, ageuke, arudi, aketi. Hesabu kwa simu. Akitumia sekunde 12 au zaidi, hatari yake ya kuanguka imeongezeka. Kisha mwambie asimame wayo mmoja mbele ya mwingine, kisigino kikigusa vidole, wewe ukiwa karibu kabisa kumdaka. Asipofikisha sekunde 10, usawa wa mwili wake umepungua. Mama alitumia sekunde 17 kwenye mita tatu, na ule wa pili aliushindwa kwenye sekunde ya nne, akanikamata shati. Kwake, basi, hofu na hatari vyote viwili vilikuwepo.

Kukaa

Tuanze na njia ambayo familia nyingi huichagua bila kujua kwamba zimechagua. Mzee ameanguka, basi anawekewa kiti kizuri barazani, maji ya kuoga yanaletwa, chakula kinaletwa, akitaka kuinuka sauti tatu zinapiga kelele: mama, kaa! Ni heshima. Kwetu mtoto anayemwacha mama yake abebe ndoo anasemwa mtaa mzima.

Faida ya kukaa ni ya kweli, lakini ni ya siku chache. Kama mguu umevimba, kama kichwa kimegonga chini, kama daktari amesema mfupa haujashika, akae. Baada ya hapo kukaa kunakula mwili. Watafiti Marekani waliwalaza wazee wenye afya kitandani kwa siku 10 tu, wakapoteza karibu kilo moja ya nyama ya miguu. Siku kumi! Sisi tulimkalisha mama wiki sita.

Na hofu nayo haipungui mtu akikaa. Misuli ya mapaja inalegea, kuinuka kunakuwa kugumu, mtu anayumba kwa kitu kidogo, kuyumba kule kunamthibitishia kwamba alikuwa na haki ya kuogopa, basi anakaa zaidi. Nilishuhudia pia kitu ambacho sikukitarajia: hofu inabadilisha mwendo wenyewe. Mama alianza kutembea amekakamaa, mabega juu, hatua fupi za kuburuta, macho kwenye vidole vya miguu. Mwendo huo unaonekana wa tahadhari, kumbe mguu usioinuka ndio unaojikwaa kwenye jiwe, na mwili uliokakamaa hauwezi kujirudisha ukisukumwa.

Kwa hiyo ukinilazimisha nilinganishe, kukaa ndiyo njia rahisi kuliko zote leo na ghali kuliko zote baada ya mwaka mmoja.

Kutembea

Ushauri wa jirani ulikuwa mzuri, na una wafuasi wengi. Kutembea hakuna malipo. Kunasaidia moyo, sukari, shinikizo la damu na usingizi. Kunamrudisha mzee kwa watu. Mama anaposhuka anasalimiana na nyumba nane kabla ya kufika chini, na salamu zile ni sehemu ya maisha yake. Shirika la Afya Duniani linapendekeza wazee wafikishe dakika 150 hadi 300 kwa wiki za shughuli za kuchangamsha mwili kiasi, na kutembea kunahesabiwa humo.

Shida ni kwamba watu hudhani kutembea kunazuia kuanguka. Ushahidi wa hilo ni dhaifu. Kuna jaribio la Uingereza la mwaka 1997 lililochukua wanawake 165 waliokuwa wamevunjika mkono ndani ya miaka miwili kabla. Waliopewa kazi ya kutembea kwa haraka walianguka zaidi kuliko wenzao. Ukifikiri kidogo unaelewa: mguu dhaifu ukiupeleka barabarani mara nyingi, umeuongezea nafasi za kuteleza bila kuuongezea nguvu za kujishika.

Hapa kwetu kuna jambo lingine, nalo ni kushuka. Wengi wanaogopa mpando kwa sababu unakata pumzi. Lakini kwenye mpando ukipepesuka unaangukia mikono, na ardhi iko karibu. Kwenye kushuka, paja linafanya kazi ya breki: linabeba mwili wote huku likijinyoosha polepole, na hiyo ni kazi ngumu kwa msuli uliolegea. Mwangalie mzee anayeshuka ngazi za mawe. Akigeuka ubavu na kutanguliza mguu ule ule kila hatua, huenda breki zake zimepungua.

Ndiyo maana sipendi kumwambia mzee "tembea tu". Kutembea kuzuri kwake ni kule kwa mahali tambarare: juu ya kilima kwenye uwanja wa shule, au apelekwe mpaka barabara kubwa ya Patrice Lumumba, ambako kuna lami na vipande virefu vilivyo sawa. Atembee mchana, udongo umekauka. Miezi ya kiangazi, wa 6 hadi wa 8, ndiyo ya kuongeza umbali. Mvua zikirudi mwezi wa 9, umbali upunguzwe, lakini kazi ya ndani ya nyumba isipungue.

Kiti cha mbao

Kazi hiyo ya ndani ndiyo iliyotubadilishia mambo, na hapa nitakaa zaidi.

Kule New Zealand, Chuo Kikuu cha Otago kilitengeneza mpango wa mazoezi ya nyumbani kwa wazee: kuimarisha miguu na kufundisha usawa, kama nusu saa, mara tatu kwa wiki, pamoja na kutembea kidogo walau mara mbili kwa wiki. Majaribio manne ya mpango huo yalipojumlishwa, watu 1,016 wenye miaka 65 hadi 97, kuanguka kulipungua kwa asilimia 35. Mwaka 2019 mapitio makubwa ya Cochrane, mtandao wa watafiti wanaojumlisha tafiti za tiba, yalikusanya majaribio 108, watu zaidi ya 23,000. Mazoezi kwa ujumla yalipunguza kuanguka kwa asilimia 23. Yale yaliyounganisha usawa na nguvu za misuli yalipunguza kwa kama asilimia 34. Kwa kutembea peke yake, hawakuweza kusema kama kunasaidia.

Sababu yake si uchawi. Mwili hujifunza kutoanguka kwa kuyumbishwa kidogo mahali salama, tena na tena. Ukisimama kwa mguu mmoja, kifundo cha mguu kinatetemeka, kinatafuta, kinapata. Kutetemeka kule ndiyo masomo yenyewe. Aliyekaa kitini kutwa hapati masomo hayo, na anayetembea penye tambarare anayapata kidogo mno.

Kwetu tulianza na kosa la kiti. Tulichukua kiti cha plastiki, mama akakishika mgongo, kikamfuata. Bahati nilikuwa nyuma yake. Tangu siku hiyo ni kile kiti kizito cha mbao, kimeegemezwa ukutani, juu ya sementi iliyopanguswa, na mama amevaa viatu vya kufunika mguu. Kikwembe, yaani kitenge alichojifunga, anakikunja mpaka chini kidogo ya magoti, maana pindo linalofika chini linakanyagwa.

Zoezi la kwanza ni kuketi na kuinuka. Mikono ikivuka kifua, au mkono mmoja ukiegemea meza mwanzoni. Anainuka, anahesabu mpaka mbili, anaketi polepole. Ile "polepole" ndiyo breki ya mteremko inayotengenezwa. Wiki ya kwanza aliinuka mara nne na kuomba maji. Kisha anasimama nyuma ya kiti, anainua visigino, anashusha. Anainua vidole, anashusha. Anapeleka mguu pembeni bila kuinamisha mwili. Kwa uzito tulishona vifuko viwili vya kitambaa, kila kimoja nusu kilo ya mchanga, tukavifunga juu ya vifundo vya miguu kwa kipande cha kikwembe cha zamani. Anakaa, ananyoosha goti moja, anahesabu, anashusha. Baadaye tuliongeza mchanga.

Ya usawa yanakuja mwisho, misuli ikiwa imepata joto: kusimama wayo mbele ya wayo, kutembea ubavu kando ya meza, kutembea kinyumenyume hatua nne, kusimama kwa mguu mmoja, kugeuka kwa kuchora namba nane sakafuni. Mwanzoni mikono miwili iko mezani. Kisha mmoja. Kisha vidole viwili. Kisha mkono unaelea juu ya meza, tayari kushika. Hatua hizo nne zilituchukua kama miezi mitatu, na sidhani kuna haja ya kuzikimbia.

Kuna somo moja ambalo halimo kwenye majedwali mengi lakini kwa mama lilikuwa ufunguo. Siku moja nilimuuliza, mama, unaogopa nini hasa? Nilidhani atasema mfupa. Akasema: "Naogopa kulala pale matopeni watu wananitazama, na mimi siwezi kuinuka." Basi tulitandika mkeka na godoro, tukajifunza kuinuka kutoka chini. Lala ubavu kwanza, usijaribu kukaa moja kwa moja. Jisukume kwa mkono mpaka uwe kwenye kiwiko, kisha magoti na viganja kama mtoto anayetambaa. Tambaa mpaka kwenye kitu kigumu. Weka viganja juu yake, leta mguu wenye nguvu mbele, wayo wote chini, jisukume, geuka, keti. Pumzika kabla ya kusimama. Alipoweza peke yake mara ya kwanza alicheka mpaka wajukuu wakaja kuuliza kuna nini. Hofu yake ilianza kushuka siku hiyo, kabla hata miguu haijapata nguvu.

Upungufu wa njia hii upo. Inachosha kwa upweke. Bila mtu wa kumkumbusha, mzee anaacha wiki ya tatu. Na matunda hayaonekani haraka: kabla ya wiki sita hata nane hutaona kitu kikubwa. Wataalamu pia wanakiri kwamba mazoezi hupunguza hofu kwa kiasi tu, hayaifuti. Ila kwa gharama, ni kiti na mchanga.

Kikundi, au kine?

Kikundi kina kitu ambacho nyumba haina: mzee kumwona mzee. Mama mmoja wa shirika letu la parokia ana miaka zaidi ya 80 na anasimama kwa mguu mmoja akiimba. Mama yangu alipomwona, maneno yangu ya miezi miwili yalipitwa kwa dakika moja. Wanawake wanaokutana kwa sala wanaweza kuongeza dakika ishirini za viti, na nyimbo zinatoa mwendo mzuri wa kuhesabia. Kuna ubaya mmoja tu, lakini ni mkubwa: ukumbi mara nyingi uko chini, na mzee yuko juu. Asiyeweza kushuka hawezi kuanza na kikundi. Aanze nyumbani, kikundi kiwe zawadi akifikisha mwezi wa tatu wa mazoezi. Vikundi vya vijana vinavyokimbia asubuhi na nyimbo barabarani si vyake. Vinamwonyesha tu asichoweza.

Kine ni lazima, si hiari, kwa aliyevunjika nyonga, aliyepooza upande mmoja, au mwenye ugonjwa wa kutetemeka. Kwa wengine, mara mbili au tatu zinatosha ili aone anavyotembea, amchagulie mazoezi, apime fimbo. Kisha kazi irudi nyumbani. Kumpandisha mzee kwenye gari kila wiki kwa mazoezi ambayo angeyafanya jikoni ni kuumaliza mfuko na nguvu zake.

Fimbo, mkono wa mjukuu, au moto (pikipiki ya abiria)

Mkono wa mjukuu unapendwa kuliko fimbo, maana fimbo inatangaza uzee. Ila mjukuu yuko shuleni, na wengi wanamshika mzee vibaya. Wanamkamata kwapani au kumvuta kiganja. Mjukuu akiteleza, wanaanguka wawili. Inavyofaa ni mzee amshike msaidizi, juu ya kiwiko, ili aweze kuachia au kukaza mwenyewe. Kwenye mteremko msaidizi awe upande wa chini, hatua moja mbele. Kwenye mpando awe nyuma kidogo.

Fimbo haichoki na haina masomo. Lakini fimbo mbaya ni mbaya kuliko kutokuwa nayo. Mzee asimame amevaa viatu, mikono ikining'inia: kishikio kifike kwenye kunjo la kifundo cha mkono, ili kiwiko kipinde kidogo akiishika. Inashikwa mkono ulio kinyume cha mguu mbovu, jambo ambalo karibu kila mtu hulikosea. Chini iwe na mpira. Yetu ni ya mti, na fundi viatu alikata kipande cha tairi akakipigilia. Kwenye sementi iliyolowa haitelezi tena. Kwa njia ya udongo naona fimbo ndefu ya kufika kifuani inafaa kuliko ile fupi ya mjini, kwa sababu unaitanguliza chini bila kuinama. Kwenye ngazi tulimfundisha kwa maneno machache: kupanda, mguu mzima unatangulia, kushuka, fimbo na mguu mbovu vinatangulia.

Moto, kwa mvua, kwa mzee anayekaa upande na kikwembe, mimi sikushauri. Kilima kilicholowa kinaitelezesha nayo pia.

Na kandambili zibaki bafuni. Hata bafuni, nina mashaka nazo.

Nani achague nini

Kuna wa kupelekwa kwa daktari kwanza, kabla ya kiti wala fimbo: aliyeanguka mara mbili au zaidi ndani ya mwaka, aliyezimia, anayezungukwa na kizunguzungu akiinuka, au aliyegonga kichwa naye anameza dawa za kulainisha damu. Omba wampime shinikizo la damu amekaa au amelala, kisha amesimama, dakika ya kwanza na ya tatu. Namba ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi, kuanguka kwake kunaweza kuwa kunatoka kwenye shinikizo la damu, si miguuni. Beba dawa zake zote kwenye mfuko, pamoja na zile alizojinunulia farmasi. Vidonge vya usingizi kama diazepamu ni adui mkubwa wa mzee anayeinuka usiku kwenda chooni, lakini asiviache ghafla bila daktari. Macho nayo yapimwe.

Aliye imara kwenye vipimo viwili vya juu lakini amejifungia ndani: huyo kikundi kwanza, na mtu wa kushuka naye mara chache mpaka woga uchoke. Fimbo usimlazimishe.

Asiyeogopa kitu, anayepanda kiti kushusha sufuria na sekunde zake ni 16: usimtishe kwa hadithi za mifupa. Mpe kiti kizito na umwambie ni kwa ajili ya kilima. Wazee wa namna hii wanakubali kazi, hawakubali kuhurumiwa.

Aliye kama mama yangu, hofu na udhaifu pamoja: kiti mara tatu kwa wiki, kuinuka kutoka mkekani, fimbo iliyopimwa, kutembea tambarare, kikundi baadaye. Na apewe maharage na sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, za kutosha, maana msuli haujengwi kwa bugali peke yake. Arudishiwe pia kazi. Mama sasa anachambua sombe, majani ya muhogo, akiwa amesimama mezani, na nguo ndogo anaanika mwenyewe. Mara ya kwanza kaka yangu alipomwona anainua mikono kwenye kamba alitaka kumpokonya beseni. Nikamzuia.

Juzi tulipima tena zile mita tatu. Sekunde 13. Bado hajashuka chini ya 12, na wayo mbele ya wayo anafikisha sekunde 9, mara nyingine 10. Mteremko anaushuka na fimbo ndefu, mjukuu akiwa hatua moja mbele, na pale kwenye mtaro tumepigilia vipande vya mpira juu ya ubao na kusimamisha mti wa kushikia. Misa ya kwanza ameiacha. Anakwenda ile ya saa tatu, kwa sababu saa hiyo jua limeshapita juu ya njia na udongo umeanza kukauka.